Naombeni ushauri: mtoto wa darasa la tatu na kadi ya mwaliko

MamaJ_Uyole
Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu yuko darasa la tatu, wamefundishwa kadi ya mwaliko na Jumatatu anatakiwa kupeleka ya kwake. Imla anapata vizuri tu. Ila kadi zinatoka hivi, nanakili kama ilivyo:

"Rafiki yangu Baraka njoo kwetu kuna sherehe yangu ya kuzaliwa. Kutakuwa na keki na soda na pilau na puto. Usikose. Usije na kaka yako."

Siku hakuna, saa hakuna, kwetu ni wapi hakuna. Nikamtolea kadi ya harusi iliyokuwa kabatini, ndiyo kaharibu kabisa, kanakili mpaka "Familia ya Bwana na Bibi wanayo furaha kubwa". Sehemu za kadi zimo daftarini na amezikariri, ila akishika penseli hazionekani. Baba yake anasema nimwandikie anakili yaishe. Mimi sitaki.

Chaki_Nyeupe
Usimwandikie, dada. Nafundisha madarasa ya chini, hili nakutana nalo kila mwaka. Baraka anapajua kwenu, sasa mtoto ahangaike kuelekeza ya nini? Mbadilishie mgeni. Amwalike mtu ambaye hajawahi kufika hapo, halafu wewe ujifanye ndiye huyo mgeni, kadi mkononi: "Nimeshashuka stendi ya Uyole, naelekea wapi? Leo ndiyo yenyewe au wiki ijayo?" Usimwambie kakosea, uliza tu. Penseli ataifuata mwenyewe.

Darasani nawabadilishia kadi. Mwenzake asome, aseme atafika wapi na lini. Akishindwa, kadi inarudi kwa mwenyewe.

Kadi ya mtoto ni mistari michache: nani anaalika, nani anaalikwa, shughuli gani, siku pamoja na tarehe (Jumamosi peke yake ni Jumamosi ipi?), saa, mahali, na chini kabisa majibu kwa nani, na namba ya simu ya mzazi. "Wako mtiifu" abaki nayo kwenye barua.

Dereva_wa_Noah
Zama hizi za WhatsApp bado mnakata manila? Mimi kadi zote napokea kwenye simu.

Chaki_Nyeupe
Mkuu, na hiyo ya kwenye simu maneno yake kuna mtu kayaandika. Juzi nimetumiwa ya kipaimara, maua yamejaa pande zote nne, ukumbi hawajautaja.

BintiChakeChake
Muangalie na kwenye saa. Simu inaonyesha 14:00, mtoto anaandika "saa 2 mchana". Mpelekee saa ya mishale: mshale mfupi ukiwa kwenye 2, asome namba inayotazamana nayo, yaani saa 8. Halafu aongeze asubuhi, mchana au usiku, maana saa 2 ya asubuhi na ya usiku ni mbalimbali kabisa.

Kwetu Pemba shughuli nyingi bado twaalikana kwa mdomo, mtu apita nyumba kwa nyumba. Mtume kwa jirani aende kualika hivyo hivyo kabla hajaandika. Jirani atamuuliza "lini mwanangu? saa ngapi?" Akirudi, hayo ndiyo ya kuandika.

MamaJ_Uyole
Asanteni sana jamani. Nimemwambia amwalike bibi wa rafiki yake, yuko Makete na kwetu hajawahi kufika. Alivyoulizwa ashukie wapi kanyamaza, kafuta, akaandika: "Shuka stendi ya Uyole. Nyumba yetu iko nyuma ya mashine ya kusaga, geti la bluu." Geti sikumtajia mimi! Tarehe ipo, saa 8 mchana ipo. "Sherehe" kaandika "sherere". Sasa ameirudia ya Baraka, imekaa vizuri, ila "Usije na kaka yako" hataki kuitoa. Eti huyo kaka alimpasulia mpira.

Chaki_Nyeupe
😂 Hiyo "sherere" mwonyeshe tu, aifute hapo hapo, usimrudishe kuandika kadi nzima upya, atachukia. Ya kaka muulize: huyo kaka akiiona hiyo kadi mezani kwao itakuwaje? Kama anamtaka Baraka peke yake, juu aandike jina la Baraka basi. Wakubwa nao wanaandika "singo" pembeni na hakuna anayeambiwa asije na mkewe.