Ndege ya DH.60G Moth ya 1929: gundi ya bodi bado ni ya kuaminika?

BawaMbili: Wakuu, naomba ushauri. Tunafufua Gipsy Moth (ndiyo hiyo DH.60G) yenye bodi, yaani kiwiliwili cha ndege, ya mbao, imekaa miaka mingi kwenye ghala lenye unyevu. Kwa nje plaiwudi ni nzima. Tuibandue, au tupake rangi tu tuhamie kwenye injini?

RandaNaPatasi: Mkuu, injini isubiri. Hizi ziliunganishwa kwa gundi ya kaseini, itokanayo na maziwa. Ikilowa inalegea, ukungu unaila, ikikauka inabaki unga. Mbao inaweza kuwa nzima na kiungo hakishiki kitu! Anzia chini ya bodi, upande wa mkia, maji yanakotuama, pale plaiwudi inapokutana na mihimili miwili ya chini. Ingiza fila (bamba jembamba la chuma la kupimia mianya) ya milimita 0.1 ukingoni, ikipenya, kiungo kimekufa. Vimisumari visikudanganye, vinashikilia plaiwudi hata gundi ikiisha.

BawaMbili: Imepenya sehemu tatu. Tupenyeze gundi ya epoksi humo humo?

MbaoKavu: Hapana! Gundi mpya haishiki juu ya mabaki ya kaseini. Bandua plaiwudi eneo hilo, kwangua hadi mbao safi, malizia kwa randa kali na si msasa, maana vumbi lake huziba vinyweleo vya mbao. Unyevu wa mbao uwe asilimia 8 hadi 12. Tumia gundi ya resosinoli: inataka joto lisilopungua nyuzi 21 za Selsiasi na klampu zinazobana sawasawa, kwa kuwa haijazi mianya. Kila ukichanganya gundi, unganisha na vipande viwili vya majaribio vya sprusi (aina ya mbao). Ikikomaa vivunje: ipasuke mbao, si mstari wa gundi. Mhimili uliooza ukate mshazari wa 12 kwa 1. Unene wa sentimita 2.5 unataka mshazari wenye urefu wa sentimita 30.

RandaNaPatasi: Naongeza la mabawa. Hata DH.60M, toleo lenye bodi ya mabomba ya chuma, mabawa yake ni ya mbao, kwa hiyo wenye M nao wakague. Vua kitambaa, tazama maungio ya mbavu na mhimili wa nyuma, penye bawaba ya kukunjia bawa kuelekea nyuma. Na mnapokunja mabawa, kabla ya kuchomoa pini zinazoyashika upande wa mbele, fungeni kwanza nguzo ya muda kati ya bawa la juu na la chini kwenye shina, yanapoungana na ndege. Bila nguzo hiyo hakuna kinachoyatenganisha upande wa mbele, na mhimili unaweza kupasuka.