Naomba ushauri: redio ya Android inasahau kila kitu nikitoa ufunguo

Wakuu, habari zenu. Nimefunga redio ya Android ya inchi 7 kwenye Premio, kwa soketi za Toyota za pini 10 na pini 6, bila kukata waya wa gari. FM, iliyokuwa ikiishia 90 kwa masafa ya Kijapani, sasa inafika 108. Antena ya GPS nimeibandika juu ya dashibodi, ramani safi.

Shida: nikitoa ufunguo, saa na stesheni zinafutika. Nimepima: waya wa njano unapata volti 12.4 ufunguo ukiwashwa tu, mwekundu unazo muda wote. Njano ndio unaotakiwa kuwa na umeme muda wote ili kutunza kumbukumbu, kwa hiyo bila shaka waya hizi mbili zimepishana. Nihamishe pini ndani ya soketi, au nikate na kuunga kwa risasi? Nahofia pini kulegea.

Pia kuna mluzi kwenye spika unaopanda na resi. Nianze na ethi, au waya za RCA (za kupeleka sauti kwenye amplifaya) zinazopita pamoja na waya wake wa umeme?