Kandili la biskuti: gumzo la kikundi cha familia

Zawadi: Shangazi Rehema shikamoo. Nimeona picha ya kandili la biskuti, kuta zake zote ni madirisha ya vioo vya rangi, na ndani taa inawaka. Eti hata vioo vinaliwa! Nataka kutengeneza. Naanzia wapi?

Baraka: Anzia kwa kunialika 😂

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Hivyo vioo ni peremende tu, zile ngumu zinazopitisha mwanga. Unazitwanga, kila rangi na mfuko wake, unajaza kwenye tundu la biskuti, oveni inaziyeyusha. Zenye maziwa achana nazo, hazipitishi mwanga.

Zawadi: Kumbe rahisi. Nakata biskuti, najaza peremende, naingiza oveni.

Shangazi Rehema: Subiri kwanza. Usiziingize pamoja. Biskuti inataka muda, peremende haitaki. Zikikaa humo tangu mwanzo, sukari itachemka ijae mapovu, na rangi itaanza kuwa ya kahawia. Oka biskuti tupu kwa nyuzi 175, dakika 8 hadi 10, kingo zianze kugeuka rangi. Toa. Jaza peremende hadi zipite kidogo ukingo wa tundu, maana zikiyeyuka zinashuka. Rudisha dakika 3 hadi 5. Na hizo dakika ukae hapo hapo mbele ya oveni, usije huku kuchati.

Shangazi Rehema: Na unga wa biskuti usitie beking pauda. Hatutaki ivimbe wala itambae, ukuta uliotambaa hauungi na mwenzake. Sukuma unene wa nusu sentimita, kata, kisha iache friji mpaka ikaze ndipo uoke.

Mama Neema: Ikivimba hata hivyo?

Shangazi Rehema: Ikitoka ya moto, kabla hujatia peremende, weka juu kadi uliyotumia kama kipimo cha kukatia na upunguze kingo kwa kisu. Ikishapoa huigusi tena, itakatika vipande.

Mama Neema: Mimi ningetumia zile karatasi za jelatini. Zinaangaza tayari, unapaka rangi ya chakula, unagandisha kwa ndani. Hakuna kuyeyusha kitu.

Shangazi Rehema: Zinafaa, na ni nyepesi. Ila hewa ikiwa na unyevu zinajikunja, na taa ikiwaka mikunjo yote inaonekana. Kwa kitu cha jioni moja, sawa kabisa.

Zawadi: Mimi nataka peremende. Sasa shangazi, picha niliyoona dirisha moja lina rangi nyingi. Nikate tundu dogo dogo kwa kila rangi?

Shangazi Rehema: Ndivyo wengi wanavyofanya, na ndipo wanapokwama. Kijiti cha biskuti katikati ya tundu mbili kikiwa chembamba kinavunjika, kikiwa kinene dirisha linakuwa biskuti tupu. Kata tundu moja kubwa, panga rangi zikigusana. Zitachanganyika kidogo zinapokutana, lakini hapo juu ndipo utachora mstari wa aising, ile sukari ya kupambia keki. Hakuna atakayeona.

Mjomba Salim: Hodi humu. Mmeingia kwenye kazi yangu ya vioo, nisipite kimya.

Baraka: Mjomba shikamoo! Fundi kaamka.

Mjomba Salim: Marahaba. Zawadi, kwenye dirisha la kweli ile mistari si mapambo. Ni vipande vya madini ya risasi vyenye mfereji pande mbili, ukikata katikati unaona umbo la H. Kioo kinaingia huku na kingine kule. Kwa hiyo mstari hauwezi kuishia hewani katikati ya kioo, lazima ufike kwenye mstari mwingine au kwenye fremu. Watu wakichora kwenye keki wanasahau hilo, nami naliona toka mbali.

Zawadi: 😳 Hilo sikulijua

Mjomba Salim: Jingine. Usichore kipande chenye kona inayoingia ndani, kama herufi L. Kioo hakikubali kukatwa hivyo, kinapasuka kuanzia kwenye kona. Fundi anakigawa viwili. Na mistari inapokutana kuna kivimbe kidogo cha bati la kuchomea. Weka tone la aising kila makutano, uone litakavyofanana.

Shangazi Rehema: Hiyo ya tone naichukua, Salim. Asante.

Mjomba Salim: Na risasi si nyeusi. Ni kijivu kilichoiva.

Shangazi Rehema: Afadhali sana! Nyeusi inakula rangi nyingi mno, aising inakuwa chungu na meno yanatoka kama ya mla mkaa. Zawadi, tia nyeusi kidogo tu upate kijivu, kisha acha usiku kucha, itakolea yenyewe.

Zawadi: Aising ipi?

Shangazi Rehema: Ya ute wa yai na sukari laini. Ute wa yai moja kwa gramu 225 hivi, matone machache ya limau, piga hadi ukiinua mwiko kinachobaki kisimame bila kupinda kichwa. Bakuli lisiwe na mafuta hata tone, itakataa kukaza. Na kwa kuwa yai halipikwi, tumia ute uliopitishwa kwenye joto la kuua vijidudu, au ule wa unga. Iwe nzito, tafadhali. Ikiwa na maji itaanza kuyeyusha kioo chako.

Mama Neema: Rangi zipi zinapendeza?

Mjomba Salim: Angalia picha za madirisha ya kanisa kuu la Chartres, Ufaransa. Bluu na nyekundu ndizo zimetawala. Njano imetiwa kwa uchache, ndiyo maana inaonekana. Ukitia kila rangi sawa kwa sawa unapata fujo.

Baraka: Na mshumaa ndani uwe wa rangi gani?

Shangazi Rehema: Mshumaa hauingii humo! Joto litalainisha vioo vilegee, na siagi ya biskuti nayo inaweza kushika moto. Taa ndogo ya betri, ile isiyotoa joto. Sakafu usiizibe, utaiingiza kwa chini.

Shangazi Rehema: Na watoto wakae mbali mnapotoa trei. Sukari iliyoyeyuka inang'ang'ania ngozi, inaunguza kuliko maji yanayochemka. Weka bakuli la maji baridi karibu. Vioo viache vipoe kabisa juu ya karatasi ya kuokea ndipo ubandue, na ubandue karatasi kutoka kwenye biskuti, si biskuti kutoka kwenye karatasi.

Mama Neema: Litakaa siku ngapi?

Shangazi Rehema: Inategemea hewa. Sukari inavuta unyevu, vioo vinaanza kunata na kufifia. Liweke kwenye chombo kisichopitisha hewa, na friji usithubutu, likitoka tu linatoa jasho. Wenye haraka ya uzuri hutumia isomalti, kitu cha kutengenezwa kutokana na sukari, badala ya peremende, hiyo inastahimili unyevu na haigeuki njano upesi. Ila anayeila nyingi tumbo litamsema.

Baraka: Basi mimi nipewe la peremende.

Zawadi: [picha] Nimekata kadi kwanza kabla ya unga, nimeziunga kwa gundi ya karatasi. Pembe nne, paa la pembetatu nne. Mnaonaje?

Shangazi Rehema: Vizuri sana kuanza na kadi. Pembe nne pia umechagua vyema, ya pembe sita ingebidi usugue kila ukingo kwa kikwaruzo chembamba uinamie nyuzi 30. Lakini kuta zote nne umekata sentimita 8?

Zawadi: Ndiyo, ziwe sawa.

Shangazi Rehema: Kadi haina unene, biskuti inao. Kuta mbili zinakaa katikati ya nyingine mbili, na kila ukuta unakula nusu sentimita. Hizo mbili za kati zipunguze ziwe 7, la sivyo kandili linakuwa la mstatili na paa halitakaa. Paa lenyewe lianzie 9, lichomoze kidogo nje.

Zawadi: Aaah. Sawa, nakata upya.

Shangazi Rehema: Na mistari ya risasi uchore kuta zikiwa zimelala, zikauke, ndipo usimamishe. Egemeza kwa makopo hadi aising ishike. Paa ni la kesho yake.

Baraka: Zawadi, kosea na ya biskuti basi. Kadi hazitafuniki.