Tupeane uzoefu: uliyesoma Njia Panda ya Ngũgĩ, wewe ulikuwa ng'ambo gani ya mto?

Mwana_wa_Makuyu:
Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu wa kidato cha tatu anaisoma riwaya hiyo, ile ya mto wenye Wakristo ng'ambo moja na washika mila ng'ambo ya pili. Kaniuliza kwa nini Muthoni alitoroka kwenda kutahiriwa ilhali baba yake, Joshua, ni mhubiri. Nikaanza kumjibu kimwalimu, maneno yakaniishia. Mimi pia nimekulia katikati: Jumapili kanisani, Desemba kwa babu Murang'a. Nilipofika umri, mjomba alitaka nitahiriwe kimila, mtoni kwenye baridi ya alfajiri, mama akataka daktari na mchungaji. Wakaafikiana: hospitali, halafu mbuzi kwa mjomba, halafu kambi ya kanisa tuhubiriwe kuhusu pombe. Mjomba alimla yule mbuzi amenuna.

Uliyeisoma riwaya hii, ya Kiingereza ya 1965 (The River Between) au tafsiri, imani na mila zilikukuta wapi ukibalehe? Msilete uchambuzi wa mtihani. Toa yako.

chai_ya_rangi:
Natega kiti hapa.

Mmakua_Mtulivu:
Kwetu Masasi mambo yalikwenda tofauti. Askofu Lucas wa UMCA, misheni ya Kianglikana, hakulipiga jando marufuku, alilitia ukristo. Babu yangu aliingia jando la kanisa: padri yupo, sala zipo, na kisu kipo palepale. Alitoka kumbini mwanamume na Mkristo kwa mpigo mmoja. Ndiyo maana nilipomsoma Joshua anamhesabu bintiye kama hakuzaliwa, nilimchukia sana.

Mwalimu_Mstaafu:
@Mmakua_Mtulivu unachanganya, ndugu yangu. Jando la wavulana halikuwagombanisha watu Kikuyuni. Ugomvi wa 1929 ulikuwa juu ya wasichana. Misheni ya Waskoti, ile ya AIM (Africa Inland Mission) na wenzao walitaka waumini waikane tohara ya wanawake kwa sahihi au kwa kidole gumba. Ukikataa, unatengwa na kanisa, na mtoto hana shule. Ndipo zikaja shule huru za Wakikuyu, za Karing'a na KISA, ndizo Ngũgĩ anazozichora kupitia kwa Waiyaki, yule kijana mwalimu wa riwayani. Wakatoliki hawakudai kiapo hicho.

Nyanya yangu aliweka kidole. Dada yake akaenda kucheza ngoma ya Muthirigu, wakiwaimba wamisionari matusi, mpaka serikali ikaipiga marufuku 1930. Sisi wajukuu tuliambiwa tu "msiulize ya akina nyanya".

Mmakua_Mtulivu:
Mwalimu, nimesema jando. Sijasema unyago. Soma vizuri.

Mwalimu_Mstaafu:
Umemtaja Joshua. Joshua na jando wapi na wapi?

chai_ya_rangi:
Wazee, tulieni basi.

BintiMara:
Niliapa sitaandika haya popote. Mimi ni Nyambura, yule dada yake Muthoni kitabuni. Ninaye Muthoni wangu.

Ni Tarime, Desemba ya mwaka wa saro, yaani tohara. Baba ni mzee wa kanisa, alisema mapema kwamba binti zake hawatakeketwa, na mchungaji akamsifu mbele ya watu. Kusifiwa kule yeye kulimtosha. Sisi ndio tuliokwenda kisimani. Dada yangu mkubwa alikuwa anaitwa msagane, yaani asiyekeketwa, na wasichana aliowazidi umri. Wakifika wanampokonya zamu ya maji, wanamwimba. Shangazi naye anamwambia, ukiolewa hivyo hivyo hutafungua lango la boma la ng'ombe, mama mkwe atakufungulia mpaka lini?

Usiku mmoja akaniambia anakwenda kwa shangazi. Nikamuuliza, na Yesu? Akasema Yesu hachoti maji na sisi. Sikumsema kwa baba.

Waliporudi barabarani wanachezwa, dada amevishwa khanga, amebandikwa noti kifuani, anatabasamu. Baba akaingia ndani akafunga mlango. Mama akabaki uani, hamfungulii, hamfukuzi. Ikabidi arudi kwa shangazi. Usiku wa pili damu haikukata. Binamu yangu alimpakia kwenye pikipiki, mimi nyuma namshikilia, nasali sala zote ninazozijua na nyingine nazitunga. Hospitalini muuguzi alinigombeza mimi, mtoto, kana kwamba kisu nilikishika mimi.

Alipona. Baba alikuja siku ya tatu, akasimama mlangoni mwa wodi, akauliza kama amekula. Hakuongeza neno. Nilipokuja kusoma Muthoni anafia hospitali ya Siriana, kitabu nilikifunga. Darasa lote linajadili "dhamira", mimi naomba ruhusa ya kwenda chooni.

Kaka_Pweza:
Hii chai. Ukurasa kwa ukurasa ni riwaya.

BintiMara:
Njoo Tarime nikuonyeshe.

Wanjiku_wa_Kiambu:
@Kaka_Pweza wewe hujazaliwa na wanawake? Pole sana dada. Dada yako yuko vipi sasa?

BintiMara:
Ana watoto wawili wa kike, na ameapa hakuna mtu atakayewagusa. Shangazi hamsalimii. Baba anamsalimia.

sheria_mkononi:
Tanzania ni kosa la jinai tangu 1998 kwa aliye chini ya miaka 18. Kenya wana sheria yao ya 2011. Shangazi alipaswa kushtakiwa.

Mmakua_Mtulivu:
Nani amshtaki, mtoto wa kaka yake? Umewahi kuishi kijijini wewe?

Mwana_wa_Makuyu:
BintiMara, asante. Jamani, sasa nimwambie nini huyu kijana?

Wanjiku_wa_Kiambu:
Mwambie Muthoni hakumkataa Mungu. Alitaka vyote viwili, na anakata roho akisema anamwona Yesu. Joshua ndiye aliyechagua kimoja. Halafu Joshua mwenyewe mke wake ametahiriwa! Anaomba msamaha kwa kumwoa, masikini Miriamu yuko palepale anapika.

Mwalimu_Mstaafu:
Usimwambie chochote. Mwache asome. Tukiwatafunia watakuja kula nini?

Kaka_Pweza:
Mwambie asiwe Waiyaki. Jamaa ana shule, ana watu nyuma yake, ana mchumba, na bado anashindwa kusimama mbele ya Kiama, baraza la wazee, aseme anataka nini. Kamau mpinzani wake kamzidi ujanja.

Wanjiku_wa_Kiambu:
Waiyaki alikuwa kijana mdogo amebebeshwa unabii wa baba yake. Ungekuwa wewe?

Kaka_Pweza:
Mimi ningehamia Mombasa na Nyambura.

Mwalimu_Mstaafu:
Nauli ungeitoa wapi, na kipande cha mkoloni shingoni?

chai_ya_rangi:
😂😂 Mwalimu kaua. Mwenye PDF ya tafsiri ya Kiswahili anitumie inbox.

Mwana_wa_Makuyu:
Nunua kitabu wewe.