Kitungule na mnana wa Sokoke, vinalinganishwaje hivi?

mwana_malindi: Wadau salaam, mtoto wa dadangu kapewa homuweki achague mnyama mmoja na ndege mmoja wa huku kwetu awalinganishe, sasa yeye kang'ang'ania kitungule wa porini na yule mnana wa Sokoke mwenye tumbo la manjano. Mi naona haviingiliani kabisa, huyu mbio huyu mabawa, mtu ataandika nini hapo? Inatakiwa Jumatatu.

babu_gede: Mbona yapo mengi! Anza na watoto wao. Mtoto wa kitungule anazaliwa na manyoya yake, macho kodo, muda si muda anaruka, ndo maana mamake hachimbi shimo wala nini, anamwacha kwenye nyasi anaenda zake kula. Kinda la mnana linatoka yaini uchi, macho yamefumba, bila kiota limekwisha. Kwa hivyo mmoja lazima awe fundi wa kusuka na mwengine hana haja. Na asiandike eti kitungule anaishi shimoni, wa mashimo ni wale sungura wa kufuga ambao asili yao Ulaya.

bi_watamu: Hayo sawa ila mi ningemwambia akazanie makazi. Kitungule akifyekewa pori anahamia shambani kwako kula kunde changa, wala hajali. Huyo mnana (Ploceus golandi) dunia nzima yuko Kilifi tu, misitu ya Arabuko-Sokoke na Dakatcha huko juu ya Marafa basi. Wataalamu wamemuandika tangu 1913 lakini kiota chake kuonekana ni 2013, miaka mia jamani!! Tena si Sokoke, ni Dakatcha kwenye vidimbwi vya msimu vilivyoota manyasi. Yaani kula anakula wadudu juu ya miti ya mirihi, kuzaa anataka penye maji, sasa watu wakimaliza mirihi kwa makaa aende wapi?

chapaa_254: kitungule mtamu lakini 😂

bi_watamu: @chapaa_254 KWS, wale walinzi wa wanyamapori, wakusome hapa.

mwana_malindi: Shukran sana, dogo kashaanza na hilo la kinda. Sasa anataka na picha, huyo mnana nampata vipi?

babu_gede: Nenda msitu wa Sokoke asubuhi, upande wa mirihi, tizama juu kwenye makundi ya ndege mchanganyiko, hawatulii hao. Chukua mwongoza watalii pale geti la Gede, atamsikia kabla wewe hujamuona. Na simu haitoshi, azima kamera yenye zumu au dogo achore tu.