Mafundi wa baiskeli, kufuta vumbi na kujaza upepo SI sevisi ya shokapu!

Wakuu, leo mnivumilie, nina hasira.

Nilipeleka baiskeli yangu ya milimani kwa fundi, nikamwambia kwa mdomo wangu: fungua foku (shokapu ya mbele), mwaga oili ya zamani, weka sili mpya za vumbi. Ikakaa kwake siku nne. Nikarudishiwa inang'aa, nikalipa hela yote, nikapanda nayo mlimani. Mteremko wa kwanza wa mawe mikono ikafa ganzi. Tairi la mbele linadunda juu ya mawe badala ya kuyafuata, na kwenye kona nikaangukia bega.

Nimefika nyumbani nikapima. Foku yangu ina mwendo wa milimita 150, yaani ndiyo mwisho wa kuzama kwake. Nikisimama juu ya pedali na kofia na begi langu, inatakiwa izame yenyewe kama 30, yaani asilimia 20. Ile oringi ya kupimia, pete ya mpira juu ya bomba, ikasogea milimita 11! Nikaunga pampu kwenye foku kupima upepo wake: presha ya psi 110. Jedwali limebandikwa palepale kwenye mguu wa foku, na kwa kilo zangu 68 linataka 70 na kidogo. Huyu bwana hakuniuliza uzito wangu hata mara moja. Sasa upepo alikuwa anamjazia nani?

Ribaundi nayo, ile ya kuzungusha chini ya mguu wa kulia inayopanga kasi ya foku kurudi juu, ameikaza hadi mwisho. Ukiikaza hivyo, foku inazama kwenye jiwe la kwanza na haiwahi kurudi kabla ya la pili. La tatu inazama zaidi. Ukifika la tano huna mwendo uliobaki, na ndiyo maana mikono inapigwa.

Nikajiuliza, kama haya ya nje ya dakika kumi yamemshinda, ndani kukoje? Nikatoa upepo wote, nikalegeza bolti mbili za chini, nikazigonga taratibu kwa nyundo ya mpira, nikavuta miguu ya chini. Upande wa kulia yakatoka matone meusi machache. Wa kushoto, mkavu. Zile pete za sponji zinazokaa chini ya sili, ambazo kazi yake yote ni kushika oili ili bomba za juu ziteleze ndani ya miguu ya chini, zimekauka na zimejaa udongo. Sili ni zilezile nilizonunua nazo. Hakuna mkono uliowahi kuingia humo!

Nikampigia. Anasema, "Mbona ilikuwa inateleza vizuri, bosi?" Iliteleza kwa sababu alipuliza silikoni juu ya bomba! Hiyo inakuonyesha ulaini pale dukani, ukishaondoka imekwisha.

Na hapa ndipo roho inaponiuma. Bomba za juu zimekwaruzwa. Ile ngozi ngumu juu ya alumini imeliwa upande wa nyuma, mstari wa urefu wa kidole, na ikishaliwa kuirudisha ni shida. Bomba hizo zimekandamizwa kwenye taji (kile kipande kinachoziunganisha juu) pamoja na shingo inayoingia kwenye fremu, kwa hiyo unanunua kipande hicho chote cha juu. Yote hiyo kwa kukosa mililita chache za oili. RockShox, kampuni inayotengeneza foku, wanaandika kwamba miguu ya chini ifunguliwe kila baada ya saa 50 za kuendesha. Mtu anayetoka kila wikendi anazifikisha ndani ya miezi michache tu. Si siri, imo kwenye kijitabu chao.

Kama hujui kufungua foku, sema hujui! Nisingekudharau, ningeipeleka kwingine. Ila kupokea hela ya sevisi halafu ukashika kitambaa ni wizi.

Kesho narudi kwake na sponji hizi kwenye mfuko, nataka hela yangu. Nyie mliowahi kubadilisha hicho kipande cha juu peke yake, mlikipata, au mliishia kununua foku nzima?