Kompyuta mpakato ya michezo inafika nyuzi joto 98 hapa Arua: nianzie wapi?

Mwana-Arua

Ndugu zangu, salaam. Nina kompyuta mpakato ya michezo niliyoinunua Kampala miaka miwili iliyopita, ikiwa tayari imetumika. Ina prosesa ya Intel Core i7-11800H na kadi ya michoro ya RTX 3060, na hadi mwaka jana sikuwa na sababu ya kuilalamikia. Tangu kiangazi hiki kianze mwezi Desemba, feni zinavuma kwa sauti inayosikika hadi uani, na baada ya dakika kumi hivi za kucheza, mchezo uliokuwa ukienda kwa fremu (picha) 110 kwa sekunde unashuka ghafla hadi 40, unapanda, kisha unashuka tena. Programu ya HWiNFO inaonyesha prosesa ikigota nyuzi 98 na kadi ya michoro nyuzi 86.

Chumba changu ni cha kupanga, kimeezekwa kwa mabati bila dari, na kiko mita chache kutoka barabara ya udongo mwekundu ambayo malori hupita kutwa nzima. Meza ninayoifuta asubuhi, jioni ninaweza kuandika juu yake kwa kidole. Kompyuta hii si ya michezo peke yake, kwani ndiyo ninayotumia kuhariri video za harusi na ndiyo inayonilipia kodi, kwa hiyo ikiharibika nitakuwa nimekwama kabisa.

Muuza duka mmoja amenishauri ninunue meza ya kupoza yenye feni sita kwa shilingi 140,000, na fundi mmoja wa hapa amesema mashine za michezo ndivyo zilivyo, nisijali. Je, nyuzi 98 ni hatari? Na je, nianze na meza hiyo, au kuna jambo la kufanya kabla sijatoa fedha?

Fundi wa Wandegeya

Ndugu Mwana-Arua, usitoe hizo shilingi 140,000 kabla hujajua joto limekwama wapi, kwa sababu meza ya kupoza husaidia hatua ya mwisho tu ya safari ya joto, na kwa maelezo yako ninashuku kwamba kizuizi kiko ndani zaidi.

Kwanza nikutoe hofu. Intel imeiwekea prosesa hiyo kikomo cha nyuzi 100, na inapokikaribia hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Huko ndiko kushuka kwa fremu unakokuona. Kadi za michoro za NVIDIA za kompyuta mpakato nazo kwa kawaida hujizuia zikifika kwenye nyuzi 87 hivi. Mashine yako, basi, haitakufia leo. Hata hivyo, aliyekuambia usijali sikubaliani naye, maana joto la namna hiyo likirudi kila siku ndilo linaloiharibu pesti (ile dawa nzito inayopakwa juu ya chipu ili ipitishe joto), linalozichosha feni, na linaloizeesha betri ambayo iko sentimita chache tu kutoka hapo.

Joto husafiri hivi: hutoka kwenye chipu, hupita kwenye tabaka jembamba la pesti, huingia kwenye mabomba bapa ya shaba, hufika kwenye mapezi membamba yaliyo kando ya matundu ya kutolea hewa, na hapo feni hulipeperusha nje. Njia hiyo ikiziba mahali popote, namba utakayoisoma kwenye HWiNFO ni ile ile, lakini dalili hutofautiana, nazo ndizo zitakazokuokolea fedha. Washa mchezo mashine ikiwa imepoa, ukiangalia saa. Prosesa ikiruka hadi nyuzi 95 ndani ya sekunde chache ilhali mapezi bado hayajapata moto, pesti imekauka au haigusi vizuri, na mara nyingi utaona kiini kimoja cha prosesa kina nyuzi 97 na jirani yake 82 ingawa vyote vinafanya kazi sawa. Joto likipanda polepole kwa dakika kadhaa, kama unavyoeleza, shuku hewa. Kisha weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa: hewa ikitoka kwa nguvu na ikiwa ya moto sana, njia iko wazi, ikitoka kwa unyonge huku feni zikipiga kelele, mapezi yameziba.

Mimi ninaamini yameziba. Vumbi jekundu likichanganyika na nyuzi za nguo na za mablanketi hutengeneza kitu kama kipande cha mkeka laini, nacho hujibana kati ya feni na mapezi, mahali ambapo ukitazama kwa nje huwezi kukiona. Mtu huchungulia, akaona mapanga ya feni ni masafi, akahitimisha kwamba mashine ni safi. Ni lazima feni yenyewe ifunguliwe. Zima mashine kabisa, chomoa chaja, ondoa kifuniko cha chini, na kabla hujagusa chochote kingine chomoa waya wa betri kwenye ubao mkuu wa kompyuta. Kwa kawaida feni hushikwa na skrubu chache. Ikitoka, utauondoa mkeka huo kwa kibano, kisha upige mapezi kwa brashi laini ya rangi. Ukitumia kipulizio, zuia mapanga ya feni kwa kidole, kwa sababu feni inayozungushwa na upepo mkali huumia beringi na inaweza kurudisha umeme kwenye ubao.

Pesti uiguse baadaye, na iwapo tu dalili zitakuelekeza huko. Ukifika hapo nitakueleza kwa urefu.

Kijana wa Lira

Mimi pia ninaishi kando ya barabara ya vumbi. Nilikata kitambaa cha soksi nyembamba za kike nikakifunga chini ya mashine kwenye matundu ya kuingizia hewa, na ndani hakuingii vumbi tena. Kwa kusafisha, ndugu, nenda kwa wanaojaza upepo wa magurudumu, wakupulizie kwa kompresa; ni dakika mbili tu.

Fundi wa Wandegeya

Ndugu yangu wa Lira, ninaheshimu uzoefu wako, lakini hayo mawili ninaomba yasifuatwe. Kompresa ya kujazia magurudumu hutoa hewa yenye maji, na nyingine hutoa pamoja na matone ya mafuta, tena kwa nguvu inayoweza kuvunja mapanga ya feni. Kitambaa nacho huzuia vumbi kwa kuizuia hewa yenyewe, na kikishashika vumbi la siku tatu, feni inakuwa inavuta kupitia ukuta. Anayetaka kukitumia akifue kila baada ya siku mbili na alinganishe namba akiwa nacho na akiwa hana. Nimeona mashine zikiongezeka nyuzi kadhaa kwa sababu ya kitambaa tu. Ni afadhali kufungua na kusafisha kila baada ya miezi mitatu wakati wa kiangazi.

Binti wa Bombo

Kaka Mwana-Arua, kabla hujashika bisibisi, kuna mambo ya programu yasiyogharimu chochote, na kwangu ndiyo yaliyoleta tofauti kubwa kuliko yote. Mimi huchora picha za pande tatu kwa ajili ya wasanifu majengo, kwa hiyo mashine yangu hufanya kazi saa nyingi bila kupumzika.

La kwanza, wekea mchezo kikomo cha fremu. Kadi ya michoro isiyo na kikomo hufanya kazi kwa nguvu zote, hata pale ambapo macho yako hayapati faida yoyote. Fungua mipangilio ya NVIDIA, weka fremu 60 kwa sekunde, kisha uangalie wati zikishuka. Fremu 60 zinazotulia ni bora kuliko 110 zinazoanguka hadi 40.

La pili, katika mipangilio ya nishati ya Windows, punguza kiwango cha juu cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99. Inaonekana kama si kitu, lakini kwenye mashine nyingi asilimia hiyo moja huzima mbio za ziada za prosesa. Yako hukimbia hadi gigahezi 4.6 kwa mbio hizo, ilhali kasi yake ya msingi ni 2.3. Utahisi tofauti wakati wa kuhamisha video iliyokamilika, kwa hiyo unapofanya kazi hiyo irudishe kwenye 100. Michezo mingi haihitaji mbio zote hizo.

La tatu ni kupunguza volti za kadi ya michoro kwa programu ya MSI Afterburner. Kwa prosesa, njia hiyo imefungwa kwenye mashine nyingi za Intel tangu udhaifu wa kiusalama ulioitwa Plundervolt ulipotangazwa mwezi Desemba 2019, lakini kadi ya michoro bado inaruhusu. Nguvu inayoliwa na chipu hufuata mraba wa volti, kwa hiyo ukishuka kutoka volti 0.85 hadi 0.75 kwa kasi ile ile, unapunguza zaidi ya moja ya tano ya nguvu hiyo. Chipu hazifanani, shuka kidogo kidogo, jaribu kwa nusu saa, na mchezo ukijifunga wenyewe rudi hatua moja.

Mwalimu wa Fizikia, Jinja

Ninaomba kuongeza jambo ambalo wenzangu wamelipita, nalo ni chumba chenyewe. Feni haitengenezi ubaridi. Inahamisha joto kutoka kwenye mapezi hadi kwenye hewa iliyopo. Chumba kikipanda nyuzi 10, chipu inayofanya kazi ile ile nayo hupanda kwa karibu nyuzi 10. Chini ya mabati yasiyo na dari, saa tisa za alasiri za mwezi Februari, hewa anayoivuta ndugu yetu inaweza kuwa na joto kubwa kuliko ile ya kivulini nje, kwa sababu mabati yaliyochomwa na jua huangaza joto lake kuelekea chini. Zaidi ya hayo, mashine inayokula wati 150 hubadilisha karibu zote kuwa joto, ikalimwaga ndani ya chumba hicho hicho kidogo.

Kuna pia suala la mwinuko. Sisi huku tunaishi kwenye takriban mita 1,100 hadi 1,200 juu ya usawa wa bahari, iwe ni Jinja, Kampala au Arua, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban sehemu moja ya kumi. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile inasukuma ujazo ule ule, lakini uzito wa hewa inayobeba joto ni mdogo. Tofauti hiyo haiui mashine, ila inaeleza kwa nini vipimo vilivyosomwa na watu wa pwani au wa Ulaya havitafanana na vyako hata ukiwa na kompyuta ile ile.

Kwa hiyo cheza usiku au asubuhi ikiwezekana, weka meza karibu na dirisha ili hewa ya moto itoke upande mmoja na ya nje iingie upande wa pili, na inua sehemu ya nyuma ya mashine kwa sentimita mbili au tatu. Vifuniko viwili vya chupa vya ukubwa sawa vinatosha, mradi visizibe matundu ya chini. Kitandani isiwekwe kamwe. Wapo wanaoweka chupa za barafu chini ya mashine. Mvuke wa hewani hugeuka kuwa maji juu ya kitu baridi, na maji hayo yakifika kwenye ubao hakuna fundi atakayefurahi kuyaona.

Mwana-Arua

Ninawashukuru nyote kwa dhati. Jumamosi nilifungua mashine kama Fundi alivyoeleza. Feni ya upande wa kadi ya michoro ilikuwa na mkeka mwekundu mnene kiasi kwamba ulitoka ukiwa kipande kimoja, na ya pili ilikuwa imeziba nusu. Jioni hiyo hiyo nilicheza mchezo ule ule: prosesa ilifika 89, kadi ya michoro 78. Nilipoweka kikomo cha fremu 60 na kuinua nyuma kwa vifuniko, zikawa 80 na 69, na feni zilitulia. Volti sijazigusa. Meza ya kupoza sitainunua kwa sasa.

Kuna jambo moja linanitia wasiwasi. Nilipokuwa nimefungua, niliona betri imevimba kidogo katikati, na sasa ninaelewa kwa nini kipanya cha kugusa kimekuwa kigumu kubofya tangu mwezi uliopita. Je, niendelee kuitumia hadi nipate fedha?

Fundi wa Wandegeya

Hapana, ndugu yangu, usiendelee, na usiichaji tena hata mara moja. Uvimbe huo ni gesi iliyozaliwa ndani ya seli. Betri ya namna hiyo ikitobolewa, ikikandamizwa au ikipata joto zaidi inaweza kushika moto. Usijaribu kuisukuma irudi bapa, wala usiichome sindano ili gesi itoke. Izime mashine, ifungue kwa utaratibu ule ule, chomoa waya wa betri, toa skrubu zake, uinue bila kuikunja, kisha uiweke nje ya nyumba juu ya saruji au ndani ya chombo chenye mchanga mkavu, mbali na watoto, hadi utakapoipeleka kwa wanaokusanya taka za elektroniki. Usiitupe shimoni pamoja na taka zinazochomwa.

Mashine nyingi huwaka kwa chaja peke yake bila betri, kwa hiyo video zako unaweza kuendelea kuzihariri. Ila usishangae ikiwa itapunguza kasi, kwa sababu kompyuta za michezo huazima nguvu ya betri pale mzigo unapopanda ghafla kupita uwezo wa adapta. Na umeme ukikatika, kazi ambayo hukuihifadhi imepotea. Unapoagiza betri mpya, niandikie namba iliyochapishwa kwenye lebo ya hiyo ya zamani ili nikusaidie kuhakikisha volti na umbo la kiunganishi. Ikifika, iwekee kikomo cha kuchaji cha asilimia 80 katika programu ya mtengenezaji, au 60 ikiwa mashine haichomolewi ukutani.